Hodi ya Tumbaku

Waliokuwepo siku ile ni hawa: Mzee wa Maabara mwenyewe, mke wake, ambaye sote tulimwita Bibi ingawa hakuwa mzee sana, Mwalimu Ponsiano wa Baiolojia, aliyekuja kuchukua funguo akakuta balaa, mdogo wangu Gaudensia, wakati huo kidato cha tatu, na mimi, mfagiaji wa maabara. Mdogo wetu wa mwisho, Leonsia, alikuwa uani anafua. Simhesabu, ingawa yeye mpaka leo anadai alikuwepo.

Ninaanza na majina kwa sababu ndivyo Mzee alivyotufundisha. Kila jaribio lililofanyika katika maabara yake liliandikwa kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi, na kabla hujaandika unataka kujua nini, uliandika kwanza nani yupo.

"Ili mambo yakiharibika," alisema, "mtu asije akasema siku hiyo alikuwa sokoni."

Shule ilikuwa hapa Songea, na maabara ilikuwa jengo la mwisho, madirisha yake yakitazama milima ya Matogoro. Nilifika pale nikiwa na miaka kumi na tisa. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa kwetu. Baba alipofariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza, nikabaki na wadogo zangu wawili. Tulilima tumbaku kwenye shamba la baba mdogo, njia ya kwenda Namtumbo, mpaka nikapata kazi ya kufagia. Siku ya kwanza Mzee alinipa ndoo, brashi na kanuni moja: kila chombo cha kioo kioshwe mara tatu. Nilimuuliza kwa nini mara tatu, mbona mara ya kwanza tu kimeng'aa.

"Kinang'aa kwa macho yako," alinijibu. "Dawa haina macho. Kioo safi ni kile kisichokumbuka kitu."

Yeye hakuwa mwalimu. Alikuwa fundi wa maabara, na hakuwahi kukaa kwenye dawati la sekondari hata siku moja. Kazi alijifunza kwa kumbebea chupa mwalimu mmoja mgeni aliyerudi kwao zamani. Hata hivyo, walimu wenye shahada waliokuja kutoka vyuoni walimaliza kujisifu siku ya mtihani wa vitendo, pale darubini ilipogoma. Hapo ndipo ulipowasikia, "Shikamoo Mzee, una dakika moja?" Wanafunzi walimwita Bwana Fomalini nyuma ya mgongo wake. Alijua, na alilipenda jina hilo kuliko alivyotaka ionekane.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Sokoni kulijaa mitumba, redio na biskuti za nchi ambazo hatukujua ziliko. Lakini sanduku la dawa za maabara kutoka serikalini lilikuwa limekoma kuja. Mzee alisema soko huria limeleta kila kitu Songea isipokuwa litimasi. Basi alichemsha maua mekundu ya choya, akachovya vipande vya karatasi, akavianika kwenye kamba kama nguo za mtoto mchanga, na vikabadilika rangi kwenye ndimu na kwenye majivu kama litimasi halali. Asidi aliipata kwa mafundi wa magari. Taa za spiriti alizitengeneza kwa chupa za wino.

Alikuwa mkali kwa ukweli, lakini ukweli wa kwenye daftari tu. Nje ya daftari alidanganya vizuri sana. Aliazima miavuli ya watu na kuapa kwamba ni yake. Alimwambia Bibi kwamba hali sukari, kumbe kabati la vielelezo lilikuwa na kopo la sukari nyuma ya nyoka aliyehifadhiwa kwenye fomalini, mahali ambapo Bibi asingetia mkono wake. Aliwachukia wavuta sigara kiasi cha kuwanyang'anya vipande midomoni, walimu wakiwemo. Na kila siku ya soko alinunua ugoro.

Akina mama wauza ugoro hawakumwacha apite salama.

"Mzee wa shule, leo wa pua ya kulia au ya kushoto?"

"Wa chura," alijibu.

"Haya jamani, sikieni! Pua yake siku hizi inaitwa chura!"

Walicheka mpaka akafika kona ya maduka ya nguo. Lakini ugoro kweli ulikuwa wa chura. Lilikuwa ndilo jaribio lake alilolipenda kuliko yote, na halikuwa kwenye muhtasari wa masomo. Alimtoa chura msuli, akautundika kwenye uzi, na uzi akaufunga kwenye mrija mwepesi wa nyasi ili hata mkunjo mdogo uonekane. Akadondoshea maji ya sukari. Kimya. Maji ya chai. Kimya. Kisha akadondoshea tone moja la maji yaliyolowekwa ugoro, na msuli ukajikunja taratibu, mrija ukainuka, na darasa zima likasema, "Aaa!"

"Mmeona?" alisema. "Seli si shimo ambalo kila kitu kinaingia. Seli ni nyumba. Mlangoni ina vipokezi, na kila kipokezi kinajua hodi yake. Sukari imepiga hodi, hakuna aliyeitika. Chai imepiga hodi, kimya. Tumbaku imepiga hodi na mwenye nyumba akasema karibu, kwa sababu hodi ya tumbaku inafanana na hodi ya mtu wa humo ndani."

Kisha alifanya sehemu ya pili, ambayo wanafunzi wengi hawakuijali kwa sababu haikuwa na cha kushangilia. Aliongeza matone. Matatu, manne, sita. Msuli ukakaa umejikunja, halafu ukalegea, na baada ya hapo hata ungemwaga kikombe kizima haukujibu tena.

"Hodi ikizidi," alisema, "mwenye nyumba anaacha kuitika. Andikeni na hiyo."

Mimi nilikuwa nyuma nimeshika fagio. Niliisikia. Nasema hivi kwa sababu baadaye ingekuwa rahisi kudai kwamba sikuisikia.

Deni langu la kwanza kwake lilianzia kwa Leonsia. Majira ya kuvuna bado tulikuwa tunakwenda kumsaidia baba mdogo, tukiingia shambani alfajiri, majani yakiwa yamelowa, tukiyabeba kwapani na mabegani. Watoto wengi waliugua. Walitapika, wakapata kizunguzungu, wakatoa jasho baridi. Watu waliuita ugonjwa huo homa ya umande na waliwanywesha dawa ya malaria, ambayo haikusaidia ila kuongeza uchungu mdomoni. Leonsia aliugua hivyo kila mwaka, na mwaka mmoja alizimia kabisa. Nilipomsimulia Mzee, aliacha alichokuwa anafanya.

"Anaugua akivuna majani makavu?"

"Hapana. Yakiwa na umande tu."

"Basi si malaria. Ni ule ule ugoro wa chura. Umande unaukamua kwenye jani, ngozi inaunywa. Mwingize shambani jua likishakausha majani, na umvike mfuko wa mbolea uliooshwa, mikono na kifua."

"Watu watatucheka, Mzee."

"Wacha wacheke. Watakuwa wanacheka huku wanatapika."

Walicheka kweli. Leonsia hakuugua tena. Mwaka uliofuata mashamba ya jirani yalikuwa yamejaa watoto waliovaa mifuko ya mbolea.

Sasa niseme habari ya mikono yake.

Ilianza na mkono wa kulia. Kidole gumba kilisuguana na cha shahada bila kupumzika, kama mtu anayesokota uzi. Mimi niliujua ugonjwa ule kabla yake, kwa sababu nilikuwa napangusa daftari. Kurasa za zamani mwandiko wake ulikuwa mkubwa, umejaa mstari. Mwaka hadi mwaka herufi zilipungua, mpaka zikawa kama nyayo za sisimizi. Baadaye alianza kutembea kwa kuburuza miguu, na mikono yote miwili ikashikwa. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa ubongo: seli zinazoamuru mwili utembee zinakufa moja moja, na dawa yake ikifika Songea ni kwa bahati.

Alitusimulia akicheka kidogo. "Nina nyumba zinazohamwa," alisema.

Tulificha pamoja. Mimi nilipima, nilimimina, nilibeba chupa, yeye akasimama kando mikono mifukoni akinielekeza kwa sauti ya chini. Ilibidi tufiche kwa sababu serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Kila idara ilikuwa na orodha yake, na mtu asiyeweza kushika chupa ya asidi asingekosa kuwemo. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya shule. Akitoka kazini, anatoka na nyumbani.

Padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao alituachia maboksi ya majarida ya Kiingereza. Mzee aliyasoma na kamusi pembeni, akinitafsiria huku mimi naosha vyombo mara ya tatu. Mchana mmoja alirudi ukurasa mmoja nyuma, kisha akasema, "Sikiliza hii."

Wataalamu, alisoma, walikuwa wameona jambo lililowashangaza: watu waliotumia tumbaku walipatwa na ugonjwa wa kutetemeka mara chache kuliko wengine. Wakaenda kutafuta sababu. Walichukua seli za fahamu, wakaziweka kwenye sahani za kioo, wakazitia sumu, zikafa. Wakachukua nyingine, wakatanguliza nikotini kidogo, halafu ndipo wakatia sumu. Hizo nyingi zilipona. Kile kipokezi kinachoitika hodi ya tumbaku, kikishaamshwa, huenda kinaiambia seli ijifungie vizuri na kujiandaa kwa hatari.

Niliacha kuosha. "Kwa hiyo tumbaku ni dawa?"

"Nimesema nini?"

"Umesema seli zilipona."

"Nimesema huenda. Na seli kwenye sahani si mtu kwenye kiti. Tumbaku hiyo hiyo inaua mapafu na moyo, hilo halina huenda." Alifunga jarida. "Katika kitabu chote hiki, mwanangu, hakuna neno kubwa kama huenda. Wajinga wanaliruka."

Nililiruka.

Wiki mbili baadaye ilikuja habari kwamba Jumatatu wakaguzi wangefika kutazama maabara, na fundi angetakiwa kupima na kumimina mbele yao, mwenyewe. Mwalimu Ponsiano alituambia kwa huruma. Mzee alitikisa kichwa, akaenda kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jumamosi niliamka mapema nikaenda shambani kwa baba mdogo pamoja na Gaudensia. Nilikata majani ya chini, mapana, yakiwa bado na umande. Nilikuwa nimefikiri hivi: asivute, maana moshi unaua. Asinuse. Ngozi inakunywa, alisema mwenyewe. Basi nitamfunga majani mikononi kama bibi mzaa mama alivyokuwa anafunga mkono ulioteguka. Sidhani kama mtu wa mkoa usiolima tumbaku angefikia wazo hilo. Sisi tuliifahamu vizuri, na ndiyo maana hatukuiogopa.

Njiani Gaudensia alisema, "Dada, lakini alisema huenda."

"Huenda si hapana."

"Wala si ndiyo."

"Tembea."

Nilimwambia Mzee kwamba ni majani ya mbarika, kwa ajili ya viungo. Alikuwa nyumbani kwake, amekaa kwenye kiti cha kamba, Bibi akimenya viazi karibu yake. Niliweka kapu chini. Alilitazama kapu, akanitazama mimi. Kisha alinyoosha mikono yote miwili, ikitetemeka.

"Funga," alisema.

Nilimfunga kuanzia viganja mpaka viwiko, nikakaza kwa vipande vya kanga. Bibi alisema harufu ya mbarika hiyo ni kali. Nilikaza fundo la mwisho. Tulikaa. Baada ya muda niliona mtetemeko unapungua. Labda ulipungua kweli, labda nilitaka upungue. Kisha jasho likamtoka usoni. Akaniomba maji, akayatapika. Akauliza mlango uko wapi, na alikuwa anautazama. Halafu akateleza kutoka kwenye kiti.

Bibi alipiga yowe. Wakati huo huo Mwalimu Ponsiano aliingia akibisha hodi kwa ajili ya funguo, akanusa mara moja tu.

"Nani kamfunga tumbaku? Fungua! Sabuni, leteni sabuni!"

Tulimwosha, tukambeba mpaka kwenye pikapu ya shule. Hospitali walimwekea maji ya mshipa. Jioni alifumbua macho, na mganga aliyekuwa zamu akauliza aliyefanya ujinga ule ni nani. Nilifungua mdomo.

"Mimi," alisema Mzee.

"Wewe? Na mikono hiyo, ukajifunga mikono yote miwili mwenyewe?"

"Nina meno," alisema, akafumba macho tena.

Jumatatu wakaguzi walikuja na yeye yuko kitandani. Habari ya mikono yake ilikuwa imeshafika ofisini kabla yao. Jina lake likaandikwa kwenye orodha. Kabla hajahama nyumba ya shule alimwendea Mkuu wa shule, akiburuza miguu, akamwambia kwamba mfagiaji anajua kila chupa ilipo na hajawahi kuvunja hata moja, jambo ambalo halikuwa kweli. Hivyo ndivyo nilivyovaa koti lake jeupe. Lilinifika magotini. Kwa koti hilo Gaudensia alimaliza shule na sasa ni muuguzi Tunduru, na Leonsia anafundisha Lusewa. Mimi ningesema ukweli pale hospitalini, sidhani kama tungekuwa hivi.

Walihamia mtaa wa Lizaboni, vyumba viwili. Nilikwenda mara kwa mara, na hatukuongea hata mara moja juu ya Jumamosi ile. Tuliongea habari za kioo na panya waliokula karatasi za choya. Alikuwa anazidi kukauka, Bibi akimshikia kikombe. Miaka ikapita hivyo.

Mara ya mwisho alinitumia mtu, niende na daftari jeusi. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi, amekaa juani nje amevaa sweta la mtumba lenye maandishi ya timu ya huko Ulaya. Sauti ilikuwa imebaki ndogo, ikabidi nisogeze kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Una deni langu moja."

Nilidhani nimejiandaa. Nililiweka daftari magotini bila kulifungua.

"Kuna jaribio halikuandikwa," alisema. "La Jumamosi. Jaribio lililoharibika nalo linaandikwa. Hilo ndilo linaandikwa kabla ya mengine."

"Ulijua?"

"Nimenunua ugoro miaka ishirini, nishindwe kuitofautisha tumbaku na mbarika?" Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Bibi alitokeza mlangoni, akarudi ndani.

"Basi kwa nini ulinyoosha mikono?"

Alikitazama kidole gumba chake kikisokota uzi. "Na mimi nilitaka huenda iwe ndiyo," alisema. "Miaka yote nawakataza watoto, na siku ile nikaliruka neno lile lile. Ningekuwa fundi, ningekuuliza kwanza umeleta majani mangapi. Sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu, liandike. Anza na waliokuwepo."

Niliandika majina. Niliandika tulichotaka kujua. Niliandika majani yalikatwa saa ngapi, na umande, na ngozi, na jasho.

"Majani mangapi?"

Hapa nieleze. Nilipomfunga mara ya kwanza niliweka manne, mawili kila mkono. Tulikaa, na mikono ikaendelea kutetemeka, na mimi nikaiona Jumatatu inakuja. Bibi alipotoka na Gaudensia kwenda kutupa maganda ya viazi, nilifungua vitambaa nikaongeza matano. Mzee alikuwa amefumba macho. Manne yalikuwa kosa la mtu asiyejua. Matano ya pili niliyaweka mimi niliyekuwa nimesimama na fagio nikasikia kwamba hodi ikizidi mwenye nyumba haitiki.

"Manne," nilisema.

"Manne," alirudia. "Manne yamemwangusha mtu mzima. Ngozi yangu ni hodari kuliko nilivyodhani. Andika."

Niliandika. Akaniomba kalamu, nikamshikia daftari kwenye goti, akaweka sahihi. Ilichukua muda mrefu, na ilipokwisha ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele.

"Deni limekwisha," alisema. Kisha akasema, "Kama yalikuwa manne."

Nilikunywa chai, nikaaga. Alifariki mvua zilipoanza, kabla sijarudi.

Daftari ninalo. Katika maabara yake kosa halikufutwa kwa raba wala kukwanguliwa kwa wembe. Ulilikata kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, ukaandika lililo sahihi juu yake, na pembeni zikawekwa sahihi mbili, ya aliyekosea na ya mwenye jaribio. Mwaka jana nililikata neno manne. Nimeandika tisa. Nimeweka sahihi yangu. Pembeni yake nimeacha nafasi, si kubwa, kiasi cha punje ya mchele, na ingali tupu.